Maisha ya Denis Burkitt na Siri ya Uvimbe wa Taya

Katika kijiji nilikozaliwa karibu na Katito, eneo la Nyakach, mwenzangu wa darasa la pili alivimba taya. Uvimbe ulianza upande mmoja, kama mtu aliyeficha kipande cha muwa shavuni, na wazee wakasema ni jino. Jino likang'olewa, kisha la pili, na uvimbe ukazidi kukua kwa kasi iliyotutisha hata sisi watoto: Jumatatu ulikuwa na ukubwa huu, Ijumaa umekwisha kuwa mwingine. Akapelekwa Kisumu. Aliporudi muhula uliofuata hakuwa na hata unywele mmoja kichwani, nasi kwa ujinga wa utoto tukamcheka. Leo mwenzangu huyo ni mwendeshaji wa bodaboda kwenye njia panda ya Katito, pale ambapo barabara ya Kisii huachana na ile iendayo Kendu Bay. Nilipokuwa nyumbani likizoni alinitolea kadi yake ya zamani ya hospitali, iliyochakaa ndani ya bahasha, akaniuliza kama Burkitt ni jina la mdudu au la dawa. Nilimjibu kwamba ni jina la mtu. Makala haya ni jibu langu refu kwa swali lile.

Fani ya wasifu si ngeni katika fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert alituandikia maisha ya Siti binti Saad, na tangu hapo watawala, washairi na wapigania uhuru wamepata wa kuwasimulia. Wanasayansi hawajabahatika sana, pengine kwa sababu sisi wanafunzi wa fasihi huiogopa istilahi kuliko tunavyoiogopa methali ngumu. Mwandishi wa makala haya naye ni mwoga wa aina hiyo, lakini swali la mwenzake halikumwachia nafasi ya kukwepa.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika jimbo la Fermanagh, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland, karibu na mji wa Enniskillen. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya jimbo, mtu wa barabara na madaraja, lakini jina lake limebaki vitabuni kwa sababu ya ndege. Katika bustani yake alikuwa akiwanasa ndege wadogo wa kifua chekundu, akiwavisha pete za chuma miguuni, kisha akichora ramani kuonyesha kila mmoja anatawala kichaka kipi na mpaka wake na jirani unapita wapi. Huenda majirani walimwona mtu asiye na kazi. Msomaji na aitie akilini bustani hiyo, kwa maana mtoto wa nyumba ile alikuja kufanya kazi ya namna ile ile, ila bustani yake ilikuwa bara zima la Afrika.

Akiwa na miaka 11 Denis alipoteza jicho la kulia. Watoto wa shule walirushiana mawe, jiwe moja likampiga usoni, kioo cha miwani kikavunjika na vigae vikaingia jichoni. Tangu siku ile aliuona ulimwengu kwa jicho moja. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini muda si mrefu akauacha na kuhamia udaktari, uamuzi ambao yeye mwenyewe aliuhusisha na imani yake ya Kikristo. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa za upasuaji huko Edinburgh. Aliomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika akakataliwa, na huelezwa kwamba sababu ilikuwa lile jicho. Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto jeshi halikuchagua sana. Aliingia kikosi cha madaktari, akaletwa Afrika Mashariki, akahudumu Kenya na Somalia, na katika kipindi hicho akaitembelea Uganda. Nairobi haikuwa ngeni kwa ukoo wao, kwani baba yake mdogo, Roland Burkitt, alikuwa daktari wa upasuaji aliyejulikana sana katika mji huo kabla ya vita. Mwaka 1943 Denis alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na baadaye wakajaliwa mabinti watatu.

Mwaka 1946 aliajiriwa Uganda na kupelekwa Lira, katika wilaya ya Lango, akiwa daktari pekee wa upasuaji kwa umati mkubwa wa watu. Huko alikutana na wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angepasua, akashona, akaita mgonjwa mwingine. Burkitt alipasua na kushona, lakini pia alimwuliza kila mgonjwa anatoka wapi. Akagundua kwamba katika sehemu fulani za wilaya ugonjwa ulijaa, na katika sehemu nyingine za wilaya ile ile ulikuwa nadra. Akaweka tofauti hiyo kwenye ramani. Kila jambo kubwa alilolifanya baadaye lilianzia katika swali lile lisilohitaji maabara: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo?

Alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1948. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona maambukizi wala saratani inayozuka katika pembe nne za taya kwa wakati mmoja. Alimpiga mtoto picha, asijue la kufanya zaidi. Wiki chache baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi nje na mama yake, uso umevimba vile vile. Alitoka mbio kumpima, akakuta uvimbe tumboni pia. Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu ya pekee, lakini wawili walimlazimisha kurudi Kampala na kupekua majalada ya wagonjwa. Aliwakuta wengine wengi, kila mmoja ameandikiwa jina tofauti la ugonjwa kulingana na kiungo alichovimba. Mwaka 1958 akachapisha taarifa yake ya kwanza katika jarida la upasuaji la Uingereza.

Hapa pana jambo ambalo waandishi wengi wa maisha yake hulipita haraka. Uvimbe ule haukuwa mpya. Albert Cook, daktari mmisionari wa Mengo, alikuwa ameandika juu ya watoto wenye uvimbe wa taya miongo kadhaa kabla ya hapo, na kina mama wa kando ya ziwa walikuwa wameuona kabla ya Cook. Alichofanya Burkitt ni kuona kwamba taya, tumbo, figo na jicho vilikuwa milango ya nyumba moja. Wataalamu wa kupima tishu wa Kampala ndio waliothibitisha kwamba ugonjwa ulikuwa saratani ya mfumo wa limfu, inayotokana na chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Mtoto wa kwanza alifariki. Ugonjwa ukapewa jina la daktari.

Sasa Burkitt akarudia mchezo wa baba yake wa ndege na pete. Akiwa na msaada wa pauni 25 tu, alichapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa hospitali zipatazo 1,000 za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama wamewahi kuona kitu cha namna ile. Majibu yakawa pini kwenye ramani ofisini mwake. Mkanda ukajitokeza, ukikatisha katikati ya bara juu na chini ya ikweta, wenye mkia unaoteremka pwani ya Msumbiji. Ili aujue mpaka wa kusini wa mkanda huo, Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, katika gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954 walilolinunua kwa pauni 250. Kwa majuma 10 walisafiri kilomita zipatazo 16,000 kupitia Tanganyika, Rhodesia, Nyasaland na Msumbiji hadi Afrika Kusini, wakazitembelea hospitali zaidi ya 50. Yalikuwa majira yale yale ambapo Tanganyika ilikuwa ikipokea uhuru wake. Kila walipofika waliuliza swali moja, wakaonyesha picha, wakaandika jibu, wakaendelea.

Walichokipata kilikuwa mpaka wa kimo. Karibu na ikweta, watoto wanaoishi juu ya mita 1,500 hivi hawakuupata ugonjwa. Kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka. Burkitt alielewa kwamba kimo kilikuwa kivuli tu cha joto na mvua. Mahali penye baridi ya usiku inayoshuka chini ya nyuzi 16 hivi, au pakavu mno, ugonjwa haukukaa. Sisi wa Katito hatuhitaji kufungua ramani yake ili tuuone mpaka huo. Ziwa liko kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kano unainuka kidogo tu juu yake. Mtu akitazama kaskazini asubuhi isiyo na ukungu, huiona milima ya Nandi imesimama kama ukuta. Bondeni kuna mbu, malaria na uvimbe wa taya. Juu kule kuna majani chai.

Alexander Haddow, aliyeiongoza taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alimwonyesha Burkitt kwamba ramani yake ililingana na ramani za magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Burkitt akaamini kwamba mbu ndiye anayembeba kirusi cha saratani. Katika hili alikosea, ingawa kosa lake lilikuwa na nusu ya ukweli, kama tutakavyoona.

Tarehe 22 Machi 1961, akiwa likizoni Uingereza, alizungumza katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akiwinda virusi vinavyosababisha saratani, na kabla mazungumzo hayajaisha alikwisha kuamua kuacha kazi nyingine zote. Wakakubaliana kwamba Burkitt atampelekea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa takriban miaka miwili hapakupatikana kitu. Kisha, Desemba 1963, ukungu ulitanda London na ndege yenye kipande kimoja ikageuzwa kwenda Manchester. Kipande kilichelewa kufika, na maji yake yalikuwa yametibuka kana kwamba yameoza. Epstein hakuyamwaga. Alitazama kwa hadubini akakuta chembe hai zikielea zenyewe, akazikuza, na Februari 1964 hadubini ya elektroni ikamwonyesha virusi ndani yake. Taarifa ilitoka mwezi uliofuata chini ya majina yake, Bert Achong na Yvonne Barr. Kirusi hicho leo huitwa Epstein-Barr. Baadaye ilidhihirika kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho, na kwamba huenezwa kwa mate, wala si kwa mbu.

Swali lililobaki ni gumu, na ndilo lililonikalisha maktabani. Kirusi hukaaje ndani ya chembe zinazogawanyika kwa kasi kiasi hicho bila kupotea? Uvimbe wa Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote za binadamu; chembe zake huweza kujirudufu kwa siku moja au mbili. Kiini cha kila chembe ya mwili kina nyuzi za DNA ambazo zikiungwa na kunyooshwa zote hufika urefu wa mita 2 hivi. Nyuzi hizo hazikurundikwa ovyo. Zimezungushwa juu ya vifundo vya protini ziitwazo histoni, nane katika kila kifundo, mithili ya mshipi wa mvuvi uliozungushiwa kipande cha mti, na mkusanyiko huo wa nyuzi na protini zake ndio uitwao kromatini. Kabla chembe haijagawanyika sharti DNA yote inakiliwe, tena mara moja tu. Ikinakiliwa pungufu, watoto wa chembe huzaliwa na kasoro. Sehemu ikinakiliwa mara mbili, jeni huzidi idadi, na ziada hiyo huweza kuwa mlango wa saratani.

Chembe huulinda mpango huu kwa kitu ambacho wanasayansi wameamua kukiita leseni. Dhana hiyo ilitolewa mwaka 1988 na Julian Blow na Ron Laskey, waliokuwa wakichunguza mayai ya chura wa Kiafrika. Mapema kabla ya unakili, kundi la protini sita liitwalo ORC hukaa juu ya kromatini katika maelfu ya vituo. Protini mbili nyingine, Cdc6 na Cdt1, huja kulisaidia, na kwa pamoja huivisha DNA pete mbili za protini ziitwazo MCM. Pete hizo ndizo leseni. Unakili unapoanza, pete huondoka kituoni zikizipasua nyuzi mbili za DNA, na tangu hapo hadi chembe igawanyike hakuna pete mpya inayovishwa. Protini iitwayo geminini huishika Cdt1 isije ikatoa leseni ya pili.

Kirusi cha Epstein-Barr kimejifunza kuishi chini ya sheria hiyo. DNA yake, yenye herufi zipatazo 172,000, hujiunga ncha kwa ncha ikawa duara ndani ya kiini. Duara lisiloshikamana na kromosomu lingeachwa nyuma chembe inapogawanyika. Lakini kirusi kina protini moja, EBNA1, ambayo kwa mkono mmoja hushika sehemu maalumu ya duara iitwayo oriP, na kwa mkono mwingine hushika kromatini ya mwenye nyumba. Kromosomu zikivutwa, duara nalo huvutwa, kama utingo aning'iniaye mlangoni mwa matatu. Zaidi ya hayo, pale kwenye oriP EBNA1 hulialika kundi lile lile la ORC. Mwaka 2001 maabara kadhaa zilionyesha kwamba ORC na pete za MCM hukaa juu ya duara la kirusi kama zinavyokaa juu ya kromatini yetu, na kwamba duara hunakiliwa mara moja kwa kila mzunguko wa chembe. Kirusi kinapokuwa kimejificha hivyo hakileti mashine yake ya kunakili. Hupanga foleni na kuchukua leseni ya mwenyeji. Katika uvimbe wa Burkitt kwa kawaida hunyamazisha karibu protini zake zote nyingine na kubaki na hiyo EBNA1, basi walinzi wa mwili hawana mengi ya kukitambulia.

Kirusi peke yake, hata hivyo, hakitoshi, la sivyo dunia nzima ingevimba taya. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake huko Stockholm walionyesha kwamba katika chembe za uvimbe huu kipande cha kromosomu ya 8 huhamia kwenye kromosomu ya 14. Mwaka 1982 ikajulikana kwamba jeni iitwayo MYC, ambayo huihimiza chembe ikue na kuingia katika unakili, huwekwa hapo jirani na jeni za kingamwili, mahali ambapo katika chembe hizi taa haizimwi. Na malaria ndiyo nusu ya ukweli aliyoigusa Burkitt. Malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe za kingamwili kugawanyika bila kupumzika, huamsha kimeng'enya kinachokata DNA zake, na huudhoofisha ulinzi dhidi ya kirusi. Mwaka 2005 Ann Moormann na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa Kisumu na wa Nandi, wakakuta kwamba watoto wa Kisumu walikuwa na kirusi kingi zaidi katika damu. Ramani ya Burkitt ilikuwa sahihi. Mbu alikuwemo, ila mzigo aliobeba haukuwa ule aliodhaniwa.

Burkitt hakungoja mambo haya yajulikane ndipo atibu. Kisu hakikufaa, kwa kuwa uvimbe ulizuka mahali pengi, na mashine za miale hazikuwapo Kampala. Alijaribu dawa, kwanza methotrexate, kisha cyclophosphamide, mara nyingi kwa dozi chache kwa sababu ya upungufu. Taya zilinywea kwa siku chache. Wengine uvimbe uliwarudia na wakafa. Wengine walipona kabisa, jambo lililokuwa nadra mno kwa saratani yoyote wakati ule. Dawa ya kwanza huinyima chembe malighafi ya kutengenezea DNA, na ya pili hufunga nyuzi zake mbili zisiachane. Chembe ikimbiliayo kunakili ndiyo inayonaswa.

Miaka yake iliyobaki inaweza kuelezwa kwa ufupi, ingawa huko Ulaya ndiyo inayokumbukwa zaidi. Alirudi Uingereza mwaka 1966, akalihamishia swali lake kwenye magonjwa ya matumbo, akahubiri faida ya vyakula visivyokobolewa kwa bidii ambayo baadhi ya wataalamu waliiona imepita ushahidi wake. Mwaka 1972 alichaguliwa katika Jumuiya ya Kifalme ya London. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester akiwa na miaka 82.

Nilimsimulia mwenzangu haya pale Katito, tukiwa tumeketi juu ya pikipiki yake, nikiruka istilahi nilizoweza kuziruka. Habari za ndege wa baba yake Burkitt zilimpendeza kuliko leseni na pete. Kisha akauliza habari za nywele. Nilimweleza kwamba mashina ya nywele nayo hunakili DNA mchana na usiku, na dawa haikuweza kuyatofautisha na uvimbe. Akakaa kimya kidogo, akaivua kofia yake ya kuendeshea, akanikumbusha majina ya wote waliomcheka siku ile, akianza na langu. Abiria wa Pap Onditi akafika, na yeye akaikunja kadi, akairudisha ndani ya bahasha, akawasha pikipiki.